Kamba Fupi Hukatika: Maneno Machache juu ya Kunyanyua Magunia



Kazi ya karafuu haiishii mtini wala jamvini. Baada ya kuchuma, kuchambua makonyo, kuanika na kutia magunia, bado kuna kupakia. Wengi wetu twauogopa mkarafuu mrefu, na ni haki kuuogopa. Lakini tukifika gatini twapita chini ya mzigo uliotundikwa kama tupitao chini ya mwembe.

Tumewahi kuona kamba nzima, ngeni kabisa, ikikatika na magunia yakaanguka pale alipokuwa amesimama kijana mmoja nukta chache kabla. Watu wakailaumu kamba. Kamba haikuwa na kosa. Ilikuwa fupi.

Wengi hudhani kwamba mzigo wa kilo 600 ukishikwa na kamba mbili, kila kamba huchukua kilo 300. Hesabu hiyo ni kweli pale tu kamba zinaposimama wima. Zikikutana katika kulabu moja huwa zimelala, na kadiri zinavyolala ndivyo kila moja inavyovutwa zaidi.

Tuchukue mfano. Magunia 12 ya kilo 50 yamefungwa pamoja, kitanzi kimoja kila upande, na kutoka kitanzi hadi kitanzi ni mita 1.5. Ikiwa kila kamba ina urefu wa mita 1.5 kutoka kitanzini hadi kulabuni, huvutwa kwa kilo 346 hivi. Ikiwa na sentimita 106, huvutwa kwa kilo 424. Ikiwa na sentimita 87, huvutwa kwa karibu kilo 600, yaani karibu mzigo mzima, kana kwamba mwenzake hayupo. Halikuongezwa hata gunia moja. Kilichopunguzwa ni kamba tu.

Tena kamba zilizolala huvuta vitanzi vije katikati. Magunia hubanwa, mshono hufumuka, na karafuu humwagika.

Basi kanuni ni hii, wala haitaki chombo cha kupimia: urefu wa kila kamba, kutoka kitanzini hadi kulabuni, usipungue umbali uliopo kati ya vitanzi viwili. Ukizidi ni bora.

Na haya pia yafaa kukumbukwa:

1. Kamba iliyokatika isiungwe kwa fundo. Fundo huweza kuipunguzia kamba karibu nusu ya nguvu zake.

2. Kila kamba itazamwe kabla ya kazi. Kamba ya mkonge iliyowekwa na maji huoza ndani hali nje yaonekana nzima. Ifunue nyuzi zake utazame. Kamba ya nailoni huharibiwa na jua kali, kwa hiyo iwekwe kivulini.

3. Mikanda ya kunyanyulia ya siku hizi huwa na kibandiko kinachotaja uzito inaouweza. Mkanda usio na kibandiko, au uliochanika, usitumiwe.

4. Mahali kamba inapopita juu ya ncha kali ya chuma au ubao, tia gunia tupu lililokunjwa.

5. Mzigo uinuliwe kwanza shubiri moja tu, kisha usimamishwe. Ukiwa umeegemea upande, ushushwe ufungwe upya.

6. Mwenye kutoa ishara awe mtu mmoja. Lakini neno "Simama!" likitamkwa na yeyote, litiiwe.

7. Asipite wala asisimame mtu chini ya mzigo, hata kwa kitambo kidogo.

Twajua kwamba siku ya kupakia kila mtu ana haraka, na kamba ni fedha. Lakini gunia likipotea, msimu ujao utajaza jingine. Mguu wa mtoto wako hauji na msimu. Kabla ya kupakia tena, tafadhali pimeni kamba zenu.