Kuteleza si kuanguka: theluji katika Kiswahili chetu

Je, siku ya kuteleza kwenye theluji yaweza kuelezwa kwa Kiswahili hapa Kolwezi? Katika zoezi la tafsiri, wenzangu walisema haiwezekani, kwa kuwa Lualaba haina theluji. Naona sababu hiyo haitoshi.

Tuanze na majina. Theluji imetoka katika Kiarabu, thalj. Barafu imetoka katika Kiajemi, ambako barf ni theluji yenyewe. Kiswahili kimeipa maana ya maji yaliyoganda. Kwa hiyo inayoanguka kutoka mawinguni ni theluji, na njia iliyokanyagwa na wengi hadi ikaganda na kuwa ngumu ni barafu. Tofauti hiyo ndiyo anayoihitaji mchezaji akiwa mlimani. Tena theluji si ya Ulaya tu: kilele cha Margherita, mita 5,109, kiko mpakani mwa Kongo na Uganda.

Kitenzi ndicho kigumu. Kwetu mtu huteleza kwenye tope bila kutaka. Mchezaji huteleza kwa makusudi. Lakini methali yasema kuteleza si kuanguka, na mchezo mzima umo katikati ya vitenzi hivyo viwili.

Napendekeza kuteleza kwa skii: mkopo utaje vile vibao vya miguuni, kitenzi kibaki chetu. Mkenya Philip Boit alishindana kwa skii Nagano mwaka 1998. Habari kama hiyo yastahili kusimuliwa kwa Kiswahili bila kukimbilia Kifaransa.