Waya ya bafle: shaba ya kweli ao rangi ya shaba tu?

Kwenye soko la Kasongo, ukitafuta waya ya bafle utaonyeshwa mbili zenye kufanana. Moja bei iko chini, ingine iko juu, na mwuzaji anasema zote ni shaba. Kwa kwaya ao msikiti wenye kuchanga franga miezi mingi, hilo si jambo dogo. Na mtu wa Kabambare akikosea, kurudisha waya ni safari nzima.

Chukua kisu, ukwangue uzi mmoja. Ukiwa mwekundu mpaka ndani, ni shaba. Weupe ukitokea, ni aliminiumu iliyopakwa shaba juu. Uzito nao unasema, juu aliminiumu ni nyepesi zaidi ya mara tatu. Nchi inachimba shaba kule Kolwezi na Likasi, na sisi tunauziwa rangi yake!

Lakini je, sauti inabadilika? Tupige hesabu. Bafle ya omu 8 iko mita 20 toka ampli, na waya ina unene wa milimita mraba 0,75. Umeme unaenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 40. Shaba itauzuia kwa karibu omu 0,9, na aliminiumu kwa karibu 1,5. Kwenye sauti, tofauti yake ni kama nusu desibeli, na watu wengi hawataisikia. Sasa chukua aliminiumu ile ile lakini ya unene wa 1,5: inazuia karibu omu 0,75 tu, inaipita hata shaba nyembamba. Basi angalia unene kwanza. Hata feza, ambayo huko Ulaya wengine wanauza waya yake kwa bei ya pikipiki, inaishinda shaba kwa asilimia 6 hivi tu.

Kwa waya ya mikro, madini hayahesabiki kabisa. Ukisikia mlio wa grupe ndani ya bafle, angalia kama ule wavu unaozunguka nyuzi umekatika.

Mahali shaba inahesabika kweli ni kati ya batri na ampli. Ampli ya volti 12 ikivuta ampere 10 kwa waya ya mita 5, unene 2,5, shaba inapoteza volti 0,7 na aliminiumu 1,1. Jioni, batri ikianza kuchoka, hizo volti ndizo zinazozima ampli katikati ya ibada. Tena aliminiumu inajifunika ngozi isiyopitisha umeme, na vis inalegea polepole. Kiungo kinapata moto, plastiki inayeyuka, na nyumba inaweza kuungua.

Kwa hiyo kama franga ni kidogo, weka shaba nene kwenye batri, na kwa bafle chukua ile ya bei ya chini lakini nene. Na batri isogeze karibu na ampli: mita moja ukipunguza, hakuna anayekuuzia.