Mkonga wa shambani kwenye lami ya kilomita 700

Leo tuiache mbolea kidogo, tuongelee gari. Wengi wenu mmeanza kununua Land Cruiser pikapu, hizi tunazoziita Mkonga, na hongera sana. Ila kuna mambo nimeyaona safari ya Njombe hadi Dar es Salaam, nikasema hapana, hili lazima niliandike.

Kijana mmoja wa kata yangu, mkulima wa maparachichi, alipata mteja Dar. Kreti 50, kama tani moja hivi, zipokelewe alfajiri ya siku ya pili. Nami nilikuwa na shughuli huko, nikadandia. Nikamuuliza, gari limekaguliwa? Akacheka. "Bwana shamba, hii si Mkonga? Juzi tu imetoka bondeni kwenye tope la magotini, itashindwa lami?"

Ni kweli ilitoka. Lakini ilitoka kwa sababu alipunguza upepo wa matairi, akatia fowili na kwenda mwendo wa mtu anayetembea. Siku ya safari upepo ulikuwa bado umepungua na fowili bado imeingia.

Fowili niliigundua kituo cha mafuta. Alipokata kona kuifuata pampu, usukani ukakaza na matairi ya mbele yakawa yanaburuta. Kwenye tope magurudumu yanateleza kidogo, kwa hiyo hakuna shida. Kwenye lami kavu hayana pa kuteleza, na mkazo wote unaishia kwenye giaboksi na shafti. Rudisha ile gia ndogo, kisha shuka ufungue na loki za magurudumu ya mbele, maana zikibaki zimefungwa unakula dizeli bure.

Matairi niliyagundua Mafinga, tuliposimama kunywa chai. Nina tabia ya kugusa matairi kila nikishuka. La nyuma kushoto sikuweza kuliwekea mkono. Geji ikasoma 24, na hapo lina moto, yaani asubuhi lilikuwa chini zaidi. Tairi lenye upepo kidogo linajikunja kila likizunguka. Shambani halina neno. Kwa kilomita 90 kwa saa, tani moja ikiwa mgongoni, linachemka mpaka linapasuka, na gari refu namna hii likipasuka tairi la nyuma linapinduka kirahisi. Tukasubiri lipoe, fundi akalikagua kama halijachanika pembeni, tukajaza yote kwa kufuata kibandiko cha kwenye fremu ya mlango wa dereva, kipimo cha gari lenye mzigo. Pima asubuhi matairi yakiwa baridi. Ukipima njiani ukakuta namba imepanda, usitoe upepo, hilo ni joto tu.

Kisha Kitonga. Ukitoka Iringa unaushuka, na kona zake mnazijua. Kijana akashuka na gia ya nne, mguu juu ya breki. Kona kadhaa mbele nikasikia harufu ya kuungua. Akasema kwa sauti ndogo, "Kaka, pedali inazama." Nyuma yetu lori la mafuta. Aisee. Nikamwambia pampu breki, tia ya tatu, sasa ya pili. Injini ikanguruma, gari likashikwa, tukaingia sehemu pana pembeni. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, na yangu pia, sitawadanganya.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa polepole. Breki zikipata moto sana, ule unyevu unachemka na kuwa mvuke, na mvuke unabonyea, ndiyo maana pedali inazama. Tangu anunue gari miaka mitatu nyuma hajawahi kuyabadilisha. Shambani usingejua kamwe, kwa sababu huko breki hazipati moto. Tulikaa karibu saa nzima zipoe zenyewe (usimwagie maji, chuma cha moto kinapasuka), tukamalizia mlima kwa gia ya pili, na Ruaha Mbuyuni fundi akabadilisha mafuta yote. Kabla ya safari ndefu fanya hilo kwanza, hata kabla ya kuosha gari.

Kuanzia hapo tulienda 80. Injini ya 1HZ haina tabo, ukiwa na mzigo kuovateki kunachukua muda mrefu kuliko unavyodhani, kaa nyuma ya semi uvumilie. Mikumi, kilomita kama 50 ndani ya hifadhi, fuata vibao. Faini za kugonga wanyama zimebandikwa barabarani, zisome.

Sasa hesabu, maana hii ni biashara. Kwenda tulitumia lita 98 za dizeli, kurudi karibu hivyo hivyo. Lita 200 kwa kreti 50 ni lita 4 kwa kila kreti, hapo hujaweka chakula, matairi wala kulala. Zidisha kwa bei ya leo ya pampu, kisha linganisha na nyongeza ya bei unayopata Dar. Kama haifiki, lipia nafasi kwenye lori, Mkonga ubaki shambani. Huyu kijana alipata faida kwa sababu hakurudi mtupu: alibeba mipira ya umwagiliaji na pampu yake, pamoja na mizigo ya majirani wawili waliomlipa nauli.

Mteja alikataa kreti tatu, zile zilizojazwa kupita ukingo zikakandamizwa na za juu. Tulimwachia mwenyeji wetu.