Rekodi ya Paramota Haiandikwi kwa Maneno

Mwaka 2007 Mhispania Ramón Morillas aliondoka Jerez akatua Lanzarote, kilomita 1,105, kwa paramota: bawa la kitambaa na injini ya kubeba mgongoni. Kwa kipimo chetu, ukitoka Malindi upepo wa kusi ukikusukuma, umeshaipita Mogadishu. Mafuta ndiyo taabu.

Lakini shirikisho la michezo ya anga duniani, FAI, lililoko Lausanne, Uswisi, halipokei hadithi. Linataka mwangalizi rasmi na kifaa cha GPS kilichonasa safari nzima. Kijana wa Kilifi atakayefika Lamu bila hayo atasifiwa barazani tu. Afadhali aanze na nishani za Colibri: shaba, fedha, kisha dhahabu. Na kabla ya kuruka, apate idhini ya KCAA. Ndege za abiria hutua Malindi.