Shaba ya Kasese kwenye Printa ya Wino

Mwaka 1956 reli ilifika Kasese, na mgodi wa Kilembe ukaanza kutoa shaba iliyokuwa ikiyeyushwa Jinja. Metali hiyohiyo, ikiwa tabaka la mikromita 35 juu ya ubao wa nyuzi za kioo, ndiyo inayopitisha umeme kwenye bodi ya saketi. Paul Eisler, mhandisi Mwaustria aliyehamia London, alibuni saketi za kuchapwa mwaka 1936. Leo fundi wa Bwera mwenye printa ya wino anaweza kuitengeneza bodi yake mwenyewe.

Wapo wanaobadili printa za Epson zipitishe ubao wenyewe, kisha wanauoka wino ukauke. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo, Georgia Tech na Microsoft walichapa saketi juu ya karatasi kwa wino wa fedha. Mimi nashauri njia isiyohitaji kuibadili printa hata kidogo.

Chapa mchoro kwenye plastiki angavu, ukiupindua: njia za umeme ziwe wazi, kwingine kote pawe peusi. Bandika filamu inayogeuzwa na mwanga juu ya shaba, weka mchoro, funika kwa kioo, kisha peleka juani. Ikweta inapita Kikorongo, humuhumu wilayani Kasese, na jua letu lina miale ya urujuanimno ya kutosha. Muda uupime kwa kipande kidogo: kifunike hatua kwa hatua uone ni sehemu ipi iliyokomaa. Filamu iliyopigwa na mwanga huwa ngumu. Iliyobaki gizani huoshwa kwa maji yenye sodiamu kaboneti kidogo.

Sasa tumbukiza ubao kwenye maji yenye feri kloraidi. Chuma kilichomo kwenye maji hayo hunyang'anya shaba elektroni, nayo shaba iliyo wazi huyeyuka, iliyofunikwa husalimika. Tumia beseni la plastiki, kamwe si sufuria, kwa kuwa aluminiamu huliwa vibaya. Vaa glavu na miwani, fungua madirisha.

Yanayobaki ndani ya beseni ndiyo yanayonitia wasiwasi kuliko yote. Ni maji yenye shaba, na shaba iliyoyeyuka hudhuru samaki hata ikiwa kidogo sana. Mto Nyamwamba tayari unapita kando ya mabaki ya mgodi kabla ya kuelekea Ziwa George. Hauhitaji tone letu. Tumbukiza vipande vya chuma kikuukuu kwenye maji ya beseni: chuma huyeyuka, shaba hutoka majini ikiwa tope jekundu. Kisha ongeza sodiamu kaboneti taratibu, maana hutoa povu jingi, mpaka asidi iliyomo majini iishe. Tope lihifadhiwe kwenye kopo lenye kifuniko na maandishi, mbali na watoto, wala lisimwagwe chooni au mtaroni.

Bodi ya kwanza iwe rahisi, tuseme ya taa ya sola, yenye njia za milimita moja au zaidi. Njia nyembamba zitafuata ukishaujua muda wa jua lako.