Nati Iliyokwama Haishindwi kwa Nyundo

Miongoni mwa mambo yanayopuuzwa katika elimu yetu ya ufundi ni maarifa ya kulegeza kilichokwama. Vijana wetu hufunzwa kufunga, kukaza na kubadilisha vipuri. Ni wachache mno wanaofunzwa kufungua kitu ambacho hakijaguswa kwa miaka ishirini. Matokeo yake ni kwamba mtambo mkongwe ukikataa kufunguka, hukumu hutolewa papo hapo: umekufa, na uuzwe kwa kilo.

Nayasema haya baada ya kuzuru chuo kimoja cha ufundi na kukuta trekta aina ya Massey Ferguson 135 limelala nyuma ya karakana, nyasi zimelifikia usukani. Nilipouliza, nikajibiwa kuwa injini imeshikana na wanunuzi wa vyuma vikuukuu wamekwisha itwa. Hakuna aliyekuwa amefungua hata noseli moja ili kuchungulia ndani. Matrekta ya aina hiyo, yenye injini ya Perkins ya silinda tatu, yalianza kuundwa mjini Coventry, Uingereza, mwaka 1964, nayo yamelima ngano na mahindi ya Uasin Gishu na Trans Nzoia kwa miongo mingi. Vipuri vyake vingali vinauzwa. Kilichokosekana chuoni humo ni subira na fizikia kidogo.

Hebu tuanze na chanzo. Chuma kikikutana na maji na hewa huota kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ndiyo maana nati iliyoingia kwa vidole hapo zamani hubanwa kana kwamba imelehemiwa. Katika injini, maji ya mvua hupitia ekzosi iliyoachwa wazi, yakateremka hadi ndani ya silinda, na pistoni ikashikamana na ukuta wake.

Fundi mwenye busara huanza kwa kuchagua spana. Bolti nyingi za matrekta ya Uingereza ya enzi hizo zilipimwa kwa inchi. Nati inayotaka spana ya nusu inchi ina upana wa milimita 12.7. Mwanafunzi akiishika kwa spana ya milimita 13, hubaki pengo la milimita 0.3, na pengo hilo dogo latosha kuzilainisha pembe za nati hadi isishikike tena. Spana ya pete, inayokumbatia pembe zote sita, ni salama zaidi kuliko ile ya mdomo wazi.

Kisha huja mafuta. Kutu ya juu husuguliwa kwa brashi ya waya, halafu mafuta mepesi ya kulegeza kutu yakadondoshwa pale nati inapokutana na bolti. Mafuta hayo hupenya yenyewe kwa nguvu ile ile inayopandisha mafuta ya taa katika utambi wa kibatari. Yapewe usiku kucha, na ikibidi siku kadhaa. Kugongagonga kichwa cha bolti taratibu kwa nyundo ndogo huipasua kutu na kuyafungulia mafuta njia. Hatimaye nati ijaribiwe kwanza kukazwa kidogo, ndipo ilegezwe, iende na kurudi.

Ikikaidi bado, moto hutumika. Chuma cha pua kikiongezewa joto kwa nyuzi moja ya selisiasi, hurefuka kwa takriban sehemu 12 katika kila sehemu milioni ya urefu wake. Kwa hesabu hiyo, tundu la nati lenye kipenyo cha milimita 20 likiongezewa joto kwa nyuzi 300 hupanuka kwa milimita 0.07, yaani kama unene wa unywele. Unywele huo ndio tofauti baina ya kufunguka na kukatika. Kwa hiyo ichomwe nati wala si bolti, na moto usiwashwe kamwe karibu na tangi au mahali palipomwagiwa kitu kinachowaka.

Pistoni iliyoshikana hutaka uvumilivu zaidi. Noseli hutolewa, mafuta mepesi yakamiminwa katika kila silinda na kuachwa juma zima au zaidi. Baadaye gurudumu zito lililo nyuma ya injini, ambalo mafundi huliita flaiwili, husukumwa kidogo mbele na kidogo nyuma. Kosa baya kuliko yote ni kulikokota trekta kwa trekta jingine likiwa ndani ya gia. Vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki hupinda, na injini iliyokuwa ya kuokolewa ikawa chuma kikuukuu kweli. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Wapo watakaosema kwamba dunia imesonga mbele na kwamba tunawarudisha vijana nyuma. Nakubali kuwa si kila trekta kongwe linafaa kufufuliwa. Lenye bloku iliyopasuka huenda likagharimu kuliko thamani yake. Hata hivyo, uamuzi huo hutolewa baada ya uchunguzi. Isitoshe, mashine za leo nazo hufungwa kwa bolti, na bolti hizo nazo huota kutu. Bolti moja ikikatika ndani ya injini, huenda ikatumia nusu siku ya keekee kuitoa.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, wataka mwanafunzi atende anachojifunza. Walimu wenzangu, ni kifaa gani kingine kinachokusanya mahali pamoja kemia ya kutu, upanukaji wa metali, upenyaji wa viowevu na nguvu ya wenzo? Kabla ya kutia sahihi hati ya kuliuza trekta, wapeni wanafunzi muhula mmoja. Nanyi wanafunzi, kila mmoja awe na daftari aandike ni bolti ipi aliyoitia mafuta, siku gani, na ilifunguka lini.

Muhula mmoja hauwezi kulidhuru trekta ambalo limekwisha lala miaka mingi. Asubuhi moja ya wanunuzi wa vyuma yatosha kulimaliza.