Fuata Barua, Utaujua Msimbo

Ukipakua msimbo chanzo wa Postfix, programu huria inayopokea na kusafirisha barua pepe, unakutana na saraka nyingi na mamia ya mafaili ya lugha ya C. Kijana anayeangalia seva ya shule pale Mukuju, ya zahanati mjini Tororo, mashariki mwa Uganda, au ya wakala wa forodha kule Malaba na Busia anaweza kuyatazama kwa dakika chache, akayafunga na kusema kazi hii ni ya watu wa mbali. Si kweli. Akili anayo na lugha ya C pengine alishafundishwa chuoni. Anachokosa ni mahali pa kuanzia.

Shauri langu ni hili: usiusome msimbo kama kitabu, tangu faili la kwanza hadi la mwisho. Chagua barua moja, uifuate tangu inapobisha hodi kwenye seva mpaka inapoondoka.

Njia hiyo inawezekana kwa sababu ya jinsi Postfix ilivyojengwa. Kabla yake ilitamba Sendmail ya Eric Allman, iliyoandikwa Berkeley mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ilikuwa programu moja kubwa iliyofanya karibu kila kitu, tena kwa mamlaka ya mtumiaji mkuu wa kompyuta. Novemba 1988, kirusi cha Robert Morris kilitumia tundu la Sendmail kama mojawapo ya njia zake na kuzilemea maelfu ya kompyuta. Wietse Venema alipoiandika Postfix akiwa IBM, nayo ikatolewa kwa umma Desemba 1998, aliigawa kazi kwa programu ndogo ndogo, kila moja ikipewa mamlaka kidogo iwezekanavyo. Ni kama lori linapovuka mpaka pale Malaba: afisa wa uhamiaji hatozi ushuru, wa ushuru hakagui mimea, na hakuna dirisha moja linaloweza kulipitisha lori peke yake.

Mgawanyo huo unaonekana katika saraka ya src, ambamo karibu kila programu ndogo ina saraka yake. Barua ikitoka nje hupokelewa na smtpd. Fungua smtpd.c, utafute jedwali linaloitwa smtpd_cmd_table. Hapo kila amri ya SMTP, itifaki ya kusafirisha barua pepe, imeunganishwa na funksheni yake: MAIL na mail_cmd, RCPT na rcpt_cmd, DATA na data_cmd. Weka karibu yako waraka wa itifaki wenyewe, RFC 5321 wa mwaka 2008, usome amri moja moja huku na huku. Masharti ya kumkubali au kumkataa mtumaji yamo katika smtpd_check.c. Ni faili refu, kwa hiyo liache kwa siku nyingine.

Kutoka smtpd, barua hukabidhiwa cleanup. Huyu huongeza vichwa vinavyokosekana, kisha huiandika barua katika foleni ya incoming. Tua hapa kidogo, hasa kama unaishi mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa. Barua ikiisha kutumwa, seva haimjibu mtumaji kwa namba 250, yaani "nimepokea, barua sasa ni jukumu langu", mpaka faili liwe limeandikwa kwenye diski. Angalia mail_stream.c ndani ya src/global. Utaona faili likibadilishwa ruhusa ili liweze kutekelezwa, na utaona wito wa fsync unaolazimisha data ishuke kwenye diski. Ruhusa hiyo haina uhusiano na kuliendesha faili. Ni alama tu kwamba barua imekamilika. Umeme ukizimika katikati ya uandishi, faili lisilo na alama halichukuliwi kuwa barua, na mtumaji ambaye hakupata jibu atatuma tena. Mistari hiyo michache ndiyo inayolinda barua isipotee, na kila mwangalizi wa seva anapaswa kuiona kwa macho yake.

Baada ya hapo kazi ni ya qmgr, msimamizi wa foleni. Utakuta saraka mbili, qmgr na oqmgr. Ya pili ni ya zamani, iruke. Msimamizi huihamishia barua kwenye foleni ya active, humuuliza trivial-rewrite iende wapi, kisha humpa msafirishaji: smtp kwa seva za nje, local kwa wakazi wa kompyuta hiyohiyo. Mtu anapokuja kuzisoma barua zake kwa simu au kompyuta, hapo unaingia mlango wa programu nyingine, mara nyingi Dovecot, nayo ina msimbo wake.

Na kama upande wa pili haujibu? Barua huwekwa katika foleni ya deferred. Ndani ya qmgr_active.c utaona hesabu ya kusubiri: muda wa kungoja jaribio linalofuata hulingana na muda ambao barua imekwisha kukaa kwenye foleni, ila haupungui sekunde 300 wala hauzidi sekunde 4,000. Barua iliyokwama kwa dakika kumi itangoja kama dakika kumi. Iliyokwama kutwa nzima itangoja saa moja na ushei. Zikipita siku tano, hurudishwa kwa aliyeituma. Viwango hivyo ni vya kawaida, na unaweza kuvibadilisha.

Subira hiyo ina historia katika eneo letu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kituo cha MUKLA cha Chuo Kikuu cha Makerere kilikusanya barua pepe na kuzipeleka kwa mkupuo kwa njia ya simu, miaka mingi kabla ya nyaya za intaneti za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009. Leo mkongo upo, lakini laini bado hukatika, na wazo la kuhifadhi kwanza kisha kusafirisha ndilo linaloifanya barua ya Tororo ifike hata hivyo.

Sasa namna ya kuingia. Anza na mstari mmoja wa kumbukumbu za seva yako, hasa wenye status=deferred. Mwanzoni mwake umeandikwa jina la programu iliyouandika, kwa mfano postfix/smtp. Jina hilo ndilo la saraka: nenda src/smtp. Ukisoma maneno "connect to" pamoja na namba 4.4.1, yatafute kwa grep, nawe utaangukia smtp_connect.c, mahali penyewe panapojaribu kuunganisha. Angalia pia delays kwenye mstari huohuo, zenye namba nne: muda kabla ya msimamizi wa foleni, muda mikononi mwake, muda wa kuunganisha, na muda wa kusafirisha. Namba ya tatu ikiwa kubwa, anza kuchunguza mtandao au seva ya mbali kabla ya kuilaumu yako.

Ufunguo wa pili ni src/global/mail_params.h. Karibu kila kigezo unachokiandika katika main.cf, faili la mipangilio ya Postfix, kina jina lake hapo, kiwango chake cha kawaida, na jina la kigeugeu linaloanza na var_. Ukitafuta minimal_backoff_time utapata var_min_backoff_time, na kwa jina hilo utaona kila mahali kinapotumika. Juu ya mafaili mengi kuna pia maelezo marefu ya mwandishi, na kurasa za mwongozo huzalishwa kutokana na maelezo hayohayo. Yasome kabla ya msimbo.

Anayeweza kutoka kwenye mstari wa kumbukumbu hadi kwenye mstari wa msimbo halazimiki kungoja fundi wa Kampala au Nairobi barua za wakala zinapokwama mpakani. Anajua tatizo liko wapi, anajua ni kigezo gani akibadilishe, na akikuta kosa la kweli katika programu anaweza kuwaandikia waandishi wake akitaja faili na funksheni. Kwa hiyo tafuta mstari mmoja wa deferred kwenye seva yako leo, uufuate mpaka mwisho.